"Unataka za nini?" Kaunti zinatunyima rekodi za umma kwa swali ambalo sheria haiwaruhusu kulitegemea

Wadau, naufungua uzi huu kwa hasira, na nitaieleza hasira yenyewe kwa vifungu vya sheria ili asiyenielewa akavisome.

Nenda kwenye ofisi nyingi za kaunti hapa Kenya ukaulize ploti namba fulani ya soko fulani imeandikwa jina la nani. Karani hataanza na namba ya ploti. Ataanza kukuuliza wewe ni nani kwa mwenye ploti, na unataka kujua za nini. Ukimjibu, unaambiwa ulete barua ya wakili. Ukiileta barua, faili halionekani. Unapotoka langoni unamkuta broka amesimama kivulini na bahasha kwapani, na kwake faili lilelile linaonekana kabla ya saa saba mchana. Faili lililopotea kwa raia halikupotea kwa broka. Hapo ndipo damu inapochemka.

Sheria ya Kupata Habari, namba 31 ya 2016, kifungu cha 4(2), inasema wazi: haki ya raia kupata habari haiathiriwi na sababu anayoitoa, wala na kile ofisi inachodhani ndiyo sababu yake. Nyuma ya sheria hiyo ipo Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010. Kwa kaunti hasa kuna Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 96, inayoitaka kila kaunti iteue ofisi ya kushughulikia maombi ya habari. Muulize karani ofisi hiyo iko chumba namba ngapi. Mara nyingi hata yeye hajawahi kuonyeshwa.

Linalonichoma zaidi ni watu kuzungushwa kwa wiki mbili bila yeyote kuwaambia kwamba wamekuja ofisi isiyo yao. Rejista ya hati miliki za ardhi haiko kwa gavana. Iko kwa msajili wa ardhi, ambaye ni mtu wa wizara ya serikali kuu, hata kama ofisi yake imepakana ukuta na ya kaunti. Vyeti vya kuzaliwa na vya kifo pia ni vya serikali kuu, kwa msajili wa raia. Ndoa na kampuni vivyo hivyo. Kaunti yenyewe inashika ploti za masoko na miji midogo, kodi ya ardhi na orodha ya thamani inayotumika kuitoza, ramani za majengo zilizoidhinishwa, leseni za biashara, na daftari za maziko katika makaburi ya umma. Karani anayajua haya yote. Kumwelekeza mtu mlango wa pili ni kazi ya nusu dakika, lakini mzee aliyetoka mbali kwa nauli ya kukopa anaambiwa "rudi Jumatatu".

Sasa tuanze na ardhi yenye hati, maana hapa watu wanaibiwa wakiwa macho wazi.

Sachi ya kawaida, yaani upekuzi wa rejista ya ardhi, inataka namba ya kiwanja kamili jinsi ilivyo kwenye hati (eneo la usajili, sehemu, kisha namba), nakala ya kitambulisho chako, PIN ya KRA (namba ya mlipakodi) na ada. Ukiandika namba bila jina la sehemu, sachi inarudi tupu au inakuletea shamba la mtu mwingine kabisa. Karatasi unayopewa inaonyesha hali ya siku ile tu: mwenye ardhi ni nani, ukubwa wake, na kama kuna rehani ya benki au kizuizi. Haisemi ardhi ilitoka kwa nani wala ilipita mikono mingapi. Wengi wanaishia hapo, kisha wanalia mahakamani.

Omba nakala iliyothibitishwa ya kadi ya kijani. Hiyo ndiyo rejista yenyewe. Sehemu ya kwanza inaeleza ardhi: ukubwa, karatasi ya ramani, na namba mama ilikomegwa. Sehemu ya pili ni wenye ardhi, mstari kwa mstari, kila mstari na namba yake, tarehe, jina na saini ya msajili. Sehemu ya tatu ni mizigo iliyowekwa juu ya ardhi: rehani, kizuizi cha mtu anayedai haki, zuio la msajili, amri ya mahakama. Pitisha kidole kwenye tarehe za sehemu ya pili. Ukiona ardhi imehama kutoka kwa marehemu kwenda kwa mnunuzi moja kwa moja, bila mstari wa msimamizi wa mirathi katikati, simama hapo hapo na usitoe hata shilingi. Ukiona imehama mara tatu ndani ya miezi michache, ulizia hati za uhamisho kwenye faili la kiwanja. Na sachi irudiwe siku chache kabla ya kulipa, kwa sababu mstari mpya unaweza kuingia siku yoyote.

Ukiambiwa kadi ya kijani haionekani, usikubali neno la mdomo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 33, inampa msajili uwezo wa kuiunda upya rejista iliyopotea baada ya uchunguzi na ilani ya siku 60 katika Gazeti Rasmi. Kwa hiyo kama imepotea kweli, na waandike kwamba imepotea, na ilani itoke. Mara nyingi ukidai maandishi hayo, kadi inapatikana.

Kwa ardhi ya Nairobi anzia kwenye Ardhisasa, mfumo wa rekodi za ardhi mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021. Kwingineko, uliza kwanza kama rejista ya eneo lako imeshahamishiwa huko.

Ploti za masoko ndizo zinazonikera kuliko vyote. Nyingi hazina hati. Kinachomlinda mwenye ploti ni barua ya mgao, risiti za kodi, na mstari mmoja wa kalamu katika kitabu cha ploti cha kaunti. Hakuna rejista nyingine. Vitabu hivyo vilirithiwa mwaka 2013, pale mabaraza 175 ya manispaa, miji na kaunti za zamani yalipovunjwa na kazi zake kupewa kaunti 47. Baadhi ya vitabu bado viko kwenye kabati za majumba ya mabaraza ya zamani, si makao makuu mapya. Ndiyo maana ombi lako lazima litaje baraza lililogawa ploti, jina la soko kama lilivyoitwa wakati ule, namba ya ploti na mwaka wa mgao. Uliza pia kumbukumbu za kikao kilichopitisha mgao, kwa sababu kitabu kinaweza kufutwa na kuandikwa juu, lakini kumbukumbu za kikao zinakuwa na orodha ya ploti zote za siku ile pamoja. Ploti moja yenye barua mbili inajulikana hapo.

Orodha ya thamani ya kodi nayo imetengenezwa ili ionekane na watu waipinge. Ina namba ya kiwanja, jina na anwani ya mwenyewe, ukubwa na thamani. Kuificha ni uonevu mtupu. Ila msiichukue kama ushahidi wa umiliki, maana orodha nyingi ni kongwe. Nairobi ilitoza kodi kwa orodha ya mwanzo wa miaka ya 1980 kwa karibu miaka 40. Jina utakalolikuta linaweza kuwa la mtu aliyekwisha zikwa.

Vyeti vya kuzaliwa: kosa linalorudiwa ni kutafuta kwa jina la wilaya ya leo. Vitabu vilijazwa kwa wilaya za wakati ule. Aliyezaliwa Bomet mwaka 1985 aanze kutafutwa Kericho, kwa sababu Bomet ilikuwa bado haijamegwa. Peleka majina kama yalivyoandikwa kwenye kadi ya kliniki au ya ubatizo, si kama yalivyo kwenye kitambulisho, na jina la mama kabla ya ndoa. Kama ipo karatasi yoyote yenye namba ya usajili, hiyo peke yake inakata kazi ya wiki nzima kuwa ya dakika chache.

Na kuna rekodi ambazo hakuna karani wa kukuzuia: Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka kila Ijumaa na kupatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Ilani za mirathi zimo, zikiwa na jina la marehemu, mahakama, namba ya kesi na siku 30 za kupinga. Waliobadilisha majina kisheria wamo. Hati miliki zilizoripotiwa kupotea zimo. Familia ngapi zimekuja kushtuka shamba limeshagawanywa, na ilani ilichapishwa zamani? Tafuteni kwa jina la marehemu katika kila tahajia iliyowahi kutumika, halafu kwa namba ya shamba.

Sasa kuna kisingizio kipya kaunta. Unaambiwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza. Nisikilizeni vizuri, maana hapa wapo wanaokosea pande zote mbili. Ni kweli faragha ya mtu inalindwa, na kifungu cha 6 cha sheria ya 2016 chenyewe kinaitaja. Namba ya simu ya jirani, rekodi yake ya hospitali, mahali anapolala, hivyo si vya kupewa wewe, na anayevitaka ili amfuate mtu asije kutumia uzi huu. Lakini rejista ya ardhi imefunguliwa na sheria yake yenyewe. Kama ukurasa mmoja una namba ya kitambulisho ya mtu, ifunikwe hiyo namba, sehemu iliyobaki ya ukurasa itolewe. Na kuna kitu ambacho ofisi hazitaki mkijue: habari iliyokaa zaidi ya miaka 30 mikononi mwa ofisi huchukuliwa kwamba haina kizuizi, mpaka ofisi ithibitishe vingine. Migao ya ploti ya miaka ya 1980 iko humo.

Acheni kuuliza kwa mdomo. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, sheria inaitaja lugha yetu kwa jina, na halilipiwi. Unalipia gharama halisi ya nakala tu. Liandikwe kwa Katibu wa Kaunti, si kwa "yeyote anayehusika". Maneno yatosha hivi:

"Kwa mujibu wa kifungu cha 8 cha Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala iliyothibitishwa ya ukurasa wa kitabu cha ploti wenye ploti namba (…), soko la (…), lililokuwa chini ya Baraza la (…), pamoja na kumbukumbu za kikao kilichopitisha mgao wake mwaka (…). Mimi ni raia wa Kenya. Nakala ya kitambulisho imeambatishwa."

Sababu usiiandike. Chapisha nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo huna kesi. Siku 21 za kukujibu zinaanza kuhesabiwa pale. Wanaweza kuongeza siku 14, mara moja tu, wakikuandikia. Ikiwa rekodi iko ofisi nyingine, wana siku 5 za kulihamisha ombi lako huko, kwa hiyo "nenda kwingine" si jibu. Jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48.

Wakikataa au wakinyamaza, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, bila malipo. Ambatisha ile nakala yenye muhuri. Kifungu cha 28 cha sheria hiyo ya 2016 kinamwekea afisa anayekataa kupokea ombi, au asiyejibu kwa wakati, faini isiyozidi shilingi 50,000 au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Karani akigoma kugonga muhuri, msomee kifungu hicho kwa sauti ya kawaida, andika jina lake na tarehe mbele yake, kisha lipeleke ombi kwa rejista ya posta ukatunze risiti.

NYONGEZA: Wanaouliza kwenye ujumbe wa faragha kama asiyejua kuandika anaweza kuomba. Anaweza. Anasema kwa mdomo, na afisa analazimika kuliandika ombi na kumpa nakala. Kumkatalia ni kosa chini ya kifungu kilekile cha 28. Mpelekeni mama zenu na mtu wa kushuhudia, na msiondoke bila hiyo nakala.