Jioni ya tarehe 1 nataka tusome kitabu kwa sauti nyumbani, nianze na kipi?

MamaKibosho
Habari za kumaliza mwaka wakuu. Naomba ushauri hasa kwa mliokulia kwenye vitabu vya zamani vya Kiswahili.

Sisi kila Desemba tunapanda Kibosho, Kilimanjaro, na mwaka huu tiketi nimeshakata, tarehe 22 alfajiri tupo stendi ya Magufuli. Kule ratiba inajulikana, mbuzi anachinjwa, kisusio asubuhi, machalari mchana, mbege inazunguka kwenye kata ikianzia kwa wazee, tarehe 31 mkesha kanisani halafu tarehe 1 ukoo mzima upo kwa mama yangu. Ila jioni yake watu wakishashiba kila mtoto anachukua simu anajikunja kona yake, bibi yao anabaki jikoni na moto wake. Mwaka jana nilimsikia anamuita mwanangu mara tatu haitikiwi, hiyo kitu inaniuma mpaka leo.

Sasa mwezi uliopita nilikuwa napanga sanduku la marehemu baba nikakuta kitabu cha Shaaban Robert, Kusadikika. Jalada limechanika, ndani kaandika jina lake kwa wino wa bluu, na kuna sehemu amepigia mstari kwa penseli. Hapo hapo nikakumbuka umeme ukikatika alikuwa anatuweka kwenye mkeka anatusomea kwa taa ya chemli, sisi wadogo tunagombania nani akae karibu na taa. Nikasema jioni ya tarehe 1 tuirudishe ile, watu wote jikoni kwa bibi, na iwe kila mwaka. Watoto wana miaka 8, 11 na 15, bibi hajui kusoma lakini Kiswahili anakielewa vizuri sana. Nianze na hiki cha baba au kuna kingine?

Mzee wa Chumbageni
Binti yangu, hiyo tarehe uliyoichagua unaijua ni siku gani? Shaaban Robert kazaliwa tarehe 1 Januari 1909, Vibambani, huku kwetu Machui nje kidogo ya mji wa Tanga, na amelala huku huku tangu 1962. Kwa hiyo jioni hiyo mtakuwa mnamsoma mtu siku aliyozaliwa.

Kusadikika ni kitabu kikubwa ingawa chembamba, kimetoka 1951 wakati Mwingereza bado yupo, na aliyekiandika amefanya ukarani wa forodha miaka mingi, anajua nini kinasemwa na nini kinafunikwa. Ndio maana hiyo nchi ya Kusadikika kaiweka hewani. Lakini ni kitabu cha barazani, Karama yuko kizimbani kwa kutaka watu wafundishwe sheria, Waziri Majivuno anamshitaki, halafu yeye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita mmoja baada ya mwingine. Huyo wa miaka 15 atakipenda sana, wa miaka 8 mtambeba amelala mjumbe wa pili hajaondoka.

Anza na Adili na Nduguze, cha 1952. Yule Adili ni liwali, yaani mtawala wa mji, anasifiwa mji mzima, halafu mgeni aliyetumwa na mfalme anamchungulia usiku anamkuta kafungia manyani wawili chumbani, anawalisha na anawapiga huku machozi yanamtoka. Mtoto gani atashika simu hapo? Kila mtu atataka kujua wale manyani ni akina nani. Mwisho wake sikwambii.

Jambo moja, usikimbie. Shaaban anapenda kupanga maneno matatu manne yanayofuatana kama mtu anayepanda ngazi, ukiyasoma haraka yanakuwa kelele, ukiyapa nafasi hata asiyejua neno moja anaelewa kwa mwendo wake.

BintiKusini
Assalam alaykum. Mie wa Makunduchi, Unguja, kwetu Mwaka wenyewe ni Julai, na nataka niseme maana watu wengi wakisikia mwaka mpya wanadhani ni Januari tu. Hesabu yetu ni ile ya Nairuzi, kalenda ya mwaka wa jua, miongo 36 ya siku kumi kumi halafu zile siku 5 za kumalizia, wazee walikuwa wakipandia na wakivulia kwa hiyo. Siku ya Mwaka Kogwa asubuhi tunaenda pwani kukoga, halafu uwanjani wanaume wa pande mbili wanapigana kwa mashina ya migomba, yaani kinyongo chote cha mwaka unakimalizia pale, ukitoka uwanjani umeshasamehe. Wanawake tumevaa nguo mpya tunazunguka tunaimba, kibanda cha makuti kinachomwa moto na watu wanatazama moshi umeelekea wapi. Na lazima nyumbani uwe na mgeni, nyumba iliyokosa mgeni siku ile inahesabiwa nuksi, kwa hiyo mama yangu alikuwa akisimama mlangoni anavuta hata mpita njia aje kula.

Kwenye kitabu sasa. Muhammed Said Abdulla, huyu aliyemleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, ni mtoto wa Makunduchi, kazaliwa 1918. Mzimu wa Watu wa Kale kimechapishwa 1960 na ndicho kilichotufungulia mlango wa hadithi za upelelezi kwa Kiswahili. Maiti inakutwa mzimuni, watu wote wanasema mzimu umekula, Bwana Msa peke yake anauliza maswali. Kwetu baba alikuwa akisoma sura moja usiku kisha anafunga kitabu anatuuliza, haya, nani kaua? Ndugu zangu walikuwa wakigombana mpaka wanafukuzwa wakalale. Huyo wako wa 11 mpe hicho.

Mwalimu_Kisauni
Salamu kutoka Mombasa. Mimi ningesema usimsahau Ken Walibora, Siku Njema ya 1996, manake huku Kenya kuna kizazi kizima kilikisoma shuleni na mpaka leo ukitaja jina Kongowea, yule kijana wa kitabuni, mtu mzima anatabasamu. Na kinaanzia hapo hapo Tanga kwa huyu mzee, kijana anafiwa na mama anavuka mpaka kumtafuta baba yake mpaka Kitale. Kwa kijana wa 15 hiki kinamfika moyoni kuliko cha wafalme.

Halafu kuhusu namna ya kusoma, nimefundisha miaka 19 kwa hivyo niamini dadangu, usisimamishe kila mstari kueleza msamiati, hapo unageuza jioni kuwa darasa. Mwache bibi ndiye aulizwe neno gumu. Na simama pale hadithi imepamba moto, usimalize sura, kesho watakuja wenyewe.

kijana_wa_tabata
Kwa heshima wakuu, mtoto wa siku hizi hakai kusikiliza kitabu cha miaka 70 iliyopita. Bora ununue vya picha, au utafute hadithi Youtube muangalie wote.

BintiKusini
Ndugu yangu wa Tabata, mwanangu ana miaka 9 na Bwana Msa kamaliza wiki iliyopita, sasa anatembea na kijiti mdomoni anasema ni kiko. Tatizo hao watoto hawajasomewa na mtu. Kitabu mkononi mwa mzazi si sawa na kitabu juu ya meza.

MamaKibosho
Wakuu nimerudi, leo tarehe 3, bado tuko Kibosho.

Nilimsikiliza mzee wa Chumbageni, nikapita Posta kwa wale wanaopanga vitabu chini nikapata Adili na Nduguze nakala ya zamani. Tarehe 1 baada ya chakula nikaita watu, wakaja kwa kusitasita, nikaanza kusoma. Nilivyofika kwenye manyani yule wa 8 akahamia mapajani kwa bibi. Wa 15 alikuwa na simu mkononi, sikumwambia kitu, baadae nikaona anaitumia kunimulikia maana moto ulikuwa umepungua. Mara mama anasema tusimame kwanza, akaeleza neno "liwali" kwa kirefu, kumbe baba yake aliwahi kumbebea mzigo liwali mmoja, habari hiyo hata mimi sijawahi kuisikia.

Kuna jambo lingine. Baba zangu wadogo wawili walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na Krismasi hii ndio mmoja alileta sale kwa mwenzake, lile jani la kuombea msamaha, likapokelewa. Jioni ile walikaa benchi moja, na tulivyofika pale ndugu wanapoanza kumuonea wivu Adili, hakuna aliyekohoa.

Jana tukaendelea, na hapo ndio balaa, kurasa za mwisho hazipo! Zimenyofolewa, sijui ngapi, na mimi niliisoma zamani nimesahau mwisho wake. Mama kakasirika kweli, leo asubuhi hata chai hajanywa na mimi, ananiambia nimemletea hadithi isiyo na mkia. Tunashuka Dar tarehe 6. Kuna mwenye nakala hapa?

Mzee wa Chumbageni
Binti, ninayo hapa. Niandikie mstari wa mwisho mlioufikia na unitumie namba yako inboksi. Nitawasomea kwa sauti nirekodi vipande vipande niwatumie leo leo baada ya magharibi. Mwambie mama asilale mapema.

MamaKibosho
Nimekutumia mzee wangu. Ameshaweka kigoda chake karibu na simu.