Kwa nini wahusika hubadili Kiurdu na Kipunjabi katika filamu?

Swali
Habari zenu. Ninapotazama filamu za Lahore, Pakistani, na za Mumbai, India, nasikia mzee akimjibu hakimu kwa Kiurdu safi, kisha akimgeukia mwanawe anaingia Kipunjabi kabla hata hajamaliza sentensi. Je, ndivyo watu wa huko wanavyozungumza, au ni mbinu ya waandishi?

Jibu la 1
Ndivyo wanavyozungumza. Tangu utawala wa Waingereza, Kiurdu kilikuwa lugha ya shule na ofisi mjini Lahore, katika jimbo la Punjab, huku Kipunjabi kikibaki lugha ya nyumbani. Katika sensa ya Pakistani ya mwaka 2017, takriban asilimia 39 walitaja Kipunjabi kuwa lugha yao ya kwanza, na Kiurdu asilimia 7 tu. Baada ya India ya Waingereza kugawanywa kuwa India na Pakistani mwaka 1947, Wapunjabi wengi wa fani ya filamu walihamia Bombay (sasa Mumbai) pamoja na mazoea yao ya lugha.

Jibu la 2
Ukitaka kuusikia mpaka wenyewe, sikiliza neno dogo la umilikaji. Kiurdu husema *ka, ki, ke*, na Kipunjabi husema *da, di, de*; yote hubadilika kufuata kile kinachomilikiwa, kama a-unganifu yetu inavyofuata ngeli. Kwa hiyo mtunzi wa nyimbo anaweza kujaza ubeti maneno ambayo lugha zote mbili zinayatumia, kama *ishq* (mapenzi) na *dil* (moyo), kisha akatia *di* moja tu, na msikilizaji akajua papo hapo kwamba anayeimba ametoka Punjab. Vivyo hivyo msichana, ambaye ni *larki* kwa Kiurdu, akiitwa *kudi*, wimbo wote huhamia kijijini. Huo ni ufundi, tena ufundi wa hali ya juu.

Jibu la 3
Nakubaliana nawe kuhusu nyimbo, lakini katika mazungumzo mgawanyo huo mara nyingi si wa haki. Mpenzi na msomi hupewa Kiurdu, ilhali mchekeshaji na mbabe huachiwa Kipunjabi, kana kwamba lugha ambayo mshairi Waris Shah aliitumia mwaka 1766 kusimulia *Heer*, kisa cha mapenzi kinachoishia kwa msiba, haiwezi kubeba mapenzi wala msiba. Ndiyo maana nilifurahi sana filamu ya *The Legend of Maula Jatt* ilipotoka mwaka 2022 kwa Kipunjabi: humo hata wapendanao hawalazimiki kuhama lugha yao ili waambiane yaliyo moyoni.