Nliwaingiza watoto wa timu pangoni, wakatolewa usiku. Niseme nao au niwaache wasahau?

kocha_wa_kusini

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nna jambo limenikaa kifuani mwezi wa tatu huu na sina wa kumwambia kwa kirefu, mke wangu nshamchosha.

Mie nafundisha mpira watoto wa mtaani huku kusini Unguja, sina cheti wala mshahara, mapenzi tu. Jumamosi moja baada ya mazoezi nikawachukua watoto saba, mdogo wao miaka 10 mkubwa 14, tukaenda kwenye pango moja liko uwandani huku kwetu. Wazee wanalijua, kuna watu hupeleka ubani, na mie mwenyewe nliwahi kuingia mara moja nna umri kama wao. Watoto wakavua champali nje wakazipanga mstari maana bibi zao wamewambia pango la mizimu haliingiwi na viatu. Ndani kuna ukumbi mkubwa halafu kuna tundu unapita kwa kutambaa unatokea chumba cha pili chenye maji. Mie ndo nlosema twendeni mpaka kwenye maji. Taa yetu simu yangu tu, chaji iko chini, na nliiona kuwa iko chini.

Ilipozima tukiwa chumba cha pili, kiza kile si kiza cha usiku, unaweka kiganja mbele ya jicho hukioni. Nikaogopa mtoto asije akatumbukia, nikawambia kaeni chini, mgongo ukutani, asisogee mtu. Kila muda nawahesabu, kila mmoja ataje jina lake. Yule mdogo wao akaniuliza "Kocha, njia unaijua?" nikamwambia naijua, tunapumzika tu. Sikuwa naijua.

Tuliingia kama saa kumi na nusu jioni, tumetolewa saa tatu u nusu usiku. Aliyetuokoa ni mkata kuni, alipita karibu na magharibi akaziona champali pale mlangoni, jozi nane pamoja na yangu, akenda kwa sheha mbio. Watu wakaja na tochi na kamba. Alhamdulillahi hakuna alovunjika wala kuchubuka vya maana.

Wazee wa watoto wote wamesema ni qadar ya Mungu, tumekusamehe mwalimu. Hakuna hata mmoja alonigombeza na wallahi hilo ndo linaloniumiza zaidi. Maana watoto hawako sawa. Mmoja karudi kukojoa kitandani na ana miaka 12. Yule mdogo kila usiku anapanga champali zake nje ya mlango, visigino ndani, vidole vinaangalia njia, mama ake akizitoa kwa ajili ya mvua yeye anaamka anazirejesha. Na mmoja, tena huyo ndo alokuwa akipenda mpira kuliko wote, hajaja mazoezini tangu siku ile, akiniona njiani anakata kichochoro.

Watu mtaani washanipachika jina, kocha wa Thailand. Nashindwa kucheka nao.

Nauliza, niende nikaseme na hawa watoto juu ya siku ile au niwaache wasahau wenyewe? Kila mtu ananambia usimkumbushe mtoto.

Mkaazi_wa_Mkoani

Wa alaykum salaam. Pole sana kaka, kwanza shukuru wote wamerudi. Mie rai yangu uwaache. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mtoto ana bahati moja, anasahau, sisi wakubwa ndo hatusahau. Ukenda kukaa naye kitako kumuuliza wewe usiku hulali una nini, unamfungulia kitu kilichofungwa. Wafanyie mambo mazuri, watie kwenye ligi, wanunulie jezi, itapita. Na wewe nafsi yako usiitese, wazazi washasamehe na lililoandikwa limeandikwa.

godoro_la_bluu

Ndugu wa Mkoani naheshimu maneno yako na najua unasema kwa huruma, lakini niruhusu nseme kitu ambacho sijawahi kukiandika mahala.

Mie nlikuwa na miaka tisa usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilipozama pale mkondo wa Nungwi tukienda Pemba. Nlikuwa na mama mdogo. Nlishika godoro la sponji pamoja na mtu nisiyemjua mpaka kulipokucha, mama mdogo hakupatikana. Nliporudi nyumbani kila mtu alinambia maneno hayo hayo, usikumbuke, wewe mtoto utasahau. Kwa mapenzi kabisa. Ikawa jina la mama mdogo halitajwi nikiwapo, mtu akilitaja anakonyezwa, picha yake iliyokuwa sebuleni ikaondoshwa. Mie sikusahau. Nlichojifunza ni kuwa jambo lile halisemeki na kwa kuwa halisemeki basi labda nna kosa ndani yake. Kwa akili ya miaka tisa nlijipa kesi mwenyewe nikajihukumu, kwamba mie nliomba maji akenda kunitafutia ndo maana tulikuwa mbali meli ilipolala. Nimeishi na hilo miaka kumi na. Mpaka leo sponji mpya ikiroa, ile harufu, mwili unaganda kabla hata sijajua nnanusa nini.

Mwaka juzi ndo nlimwambia mama angu habari ya maji. Alinitazama hivi, akasema mwanangu kwani hukumbuki, maji mlinunuliwa bandarini, chupa mbili, mie ndo nlizitia kwenye mkoba. Miaka yote hio jawabu lilikuwa jikoni kwetu.

Kocha nenda. Usisubiri.

Bi_Muuguzi_Chake

godoro_la_bluu, Mwenyezi Mungu amrehemu mama mdogo, na ahsante kwa kusema.

Mie ni muuguzi, nimefanya kazi na watoto muda mrefu, basi naongeza. Ndugu yetu anasema si ndwele, lakini mtoto wa miaka 12 anapoanza tena kukojoa kitandani na miezi mitatu imeshapita, hio bado ni ndwele na inagangwa. Wiki za mwanzo baada ya tukio baya watoto wengi huota vibaya, hung'ang'ania mama, hucheza mchezo ule ule mara kwa mara, na wengi wao wanatulia wenyewe wakiwa na watu wanaowapenda na ratiba yao ya kawaida, skuli, chuo cha Kurani, mpira. Ikipita mwezi na hali iko vile vile au inamzuia kulala na kusoma, apelekwe kwa mtaalamu. Najua watu wetu wakisikia daktari wa akili wanasikia Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, wanaona mtoto atapewa jina. Tafadhalini sana. Mara nyingi dawa ya kwanza hapo si kidonge, ni mtu anayejua namna ya kumsikiliza mtoto akasimulia kidogo kidogo mpaka ile siku ikae mahala pake, iwe jambo lililopita na si jambo linalotokea kila akizima taa.

Yule anayepanga champali, msimzuie na msimcheke. Mnaelewa anachofanya? Champali ndo zilizowaokoa. Anahakikisha kwamba akipotea tena kuna mtu atajua pa kumtafuta. Mama ake ampe jozi ya zamani iwe ya kukaa nje, mvua inyeshe isinyeshe.

Kusema na watoto ni kuzuri lakini kuna namna. Usiwakusanye wote ukawalazimisha kila mmoja asimulie, hilo utaalamu wa sasa unalikataa, linaweza kuzidisha. Usimuulize mtoto maswali yenye jibu ndani yake, "uliogopa sana eh?" "uliona kitu?" Kocha niambie ukweli, huko mtaani wanawauliza nini?

Kuhusu Thailand, hilo jina ulilopachikwa ukilifuatilia utaona halikutukani. Watoto 12 wa miaka 11 mpaka 16 na kocha wao wa miaka 25 waliingia pango la Tham Luang tarehe 23 Juni 2018, maji ya mvua yakawafungia, wapigambizi wawili Waingereza wakawakuta tarehe 2 Julai, wakatolewa tarehe 8 mpaka 10. Tazama walivyofanyiwa. Walipotolewa walipewa dawa ya usingizi na daktari wa Australia, Richard Harris, wakafungwa mikono wasije wakazinduka wakajing'oa barakoa chini ya maji, kwa hio sehemu ya hatari kuliko zote hawakuiona kwa akili zao. Lakini ukweli hawakufichwa. Mpigambizi mmoja, Saman Kunan, alikufa tarehe 6 akipeleka mitungi ya hewa, na watoto wakaambiwa tarehe 14 madaktari walipoona wanaweza kubeba, wakalia, wakaandika maneno yao kwenye picha yake. Halafu walipokutana na waandishi wa habari maswali yalipitiwa kwanza na wataalamu wa saikolojia. Ukweli waliupata, kwa kipimo chao na wakiwa mikononi mwa watu wao.

Na yule kocha, akiwa bado ndani ya pango, aliwaandikia wazazi barua ya kuomba radhi. Wazazi nao walimwandikia asijilaumu. Ona, radhi iliombwa.

kocha_wa_kusini

Dada shukran sana. Wanachoulizwa mtaani? Kila mtu anawauliza "mlimuona nani mle ndani". Mwanzo walikuwa wanasema hatukuona mtu, kulikuwa kiza. Sasa mmoja anasema kamuona bi kizee kavaa nyeupe kakaa juu ya maji. Anamueleza mpaka pete. Bibi ake kampeleka kwa shekhe kasomewa kapewa na kombe, maji yaliyooshewa aya, anywe. Mie nlikuwa nimekaa naye bega kwa bega, dada, na hakukuwa na mwanga hata wa kiberiti.

Bi_Muuguzi_Chake

Hasemi uongo, msimgombeze. Kumbukumbu ya mtoto ukiichokonoa kila siku kwa suali lile lile inajijenga upya, na anachokumbuka sasa ni pango pamoja na midomo ya watu iliyomuuliza. Kisomo sina ugomvi nacho, sauti ya bibi ake ikimsomea inamtuliza kuliko mengi. Ninachoomba waliopo karibu naye waache kumuuliza. Tu.

Mzee_Kombo_wa_mjini

Mwanangu kocha, mimi nna miaka sabini na, nimesomesha chuoni arubaini. Wazazi kukwambia ni qadar, wamesema lao na Mungu awalipe. Lakini qadar ni neno la aliyepatwa, analisema ajitulize. Anayehusika akilisema yeye, linakuwa jengine. Tumefundishwa mfunge ngamia kisha utawakal. Wewe ngamia hukumfunga, uliiona chaji iko chini ukaingia. Nakwambia haya si kukudhalilisha, nakwambia kwa sababu barua yako yote umeandika "nliiona", "sikuwa naijua", nafsi yako inataka kusema na inakatazwa kwa kusamehewa upesi. Kawaambie watoto, si wazazi peke yao. Mtu mzima wa kwetu hamuombi radhi mtoto, najua, mimi mwenyewe sikuwahi na wengine nliowapiga chuoni leo ni watu wazima na sijui nianzie wapi. Wewe bado wako jirani.

Lakini usende kuomba usamehewe. Hilo ni mzigo mwengine unampa mtoto. Mwambie lilivyokuwa, basi, kisha mwache.

kocha_wa_kusini

Nimerudi ndugu zangu. Mzee Kombo, shikamoo, nlisoma maneno yako mara tatu.

Jana baada ya laasiri nlienda kwa huyu anayenikwepa. Mama ake alikuwa barazani anachagua mchele, nikamwambia nakuja kuongea na kijana na wewe ukiwepo. Mtoto akatoka akakaa mbali, kwenye pembe ya baraza. Sikumuuliza kitu. Nikamwambia nimekuja kukwambia lilivyokuwa siku ile, wewe huna haja ya kusema lolote. Nikasema mie ndo nlowapeleka. Mie ndo nlosema tupite kwenye tundu. Na mlipouliza njia nkasema naijua nlikudanganyeni, sikuwa naijua, nliogopa mkijua mtalia na mie ntashindwa.

Alikaa kimya muda mrefu, anachimbua saruji kwa kidole. Mama ake kasita na mchele. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Lakini chaji nliimaliza mie."

Mie nlikuwa hata sikumbuki. Mapumziko siku ile alikuwa kaniazima simu akaangalia magoli, kama kawaida yake, dakika kumi labda. Miezi mitatu mtoto anatembea na hilo. Godoro_la_bluu, nlikukumbuka palepale.

Nikamwambia simu uliponirejeshea nliitazama, nikiwa mlangoni mwa pango nliitazama tena, ilikuwa asilimia 18, na kwa 18 mtu mzima haingii pangoni na watoto. Mimi ndo nloitazama, mimi ndo nloingia. Ungeiangalia saa nzima au usingeiangalia kabisa, kuamua ni kwangu.

Akaniuliza, "Ilikuwa ngapi?"

Nikamwambia 18.

Tukakaa. Mama ake akarudi kwenye mchele lakini naona hachagui, anauchezea tu. Yule mtoto akaniuliza tena, "Kumi na nane?" Nikasema naam, kumi na nane. Mpaka naondoka kashauliza mara nne, na kila mara namjibu. Mpira hatukuutaja. Leo mazoezini hakuja, ila nlipopita kwao asubuhi alikuwa mlangoni na hakukata kichochoro.

Kesho nakwenda kwa mdogo, wa champali. Mama ake nshamwambia habari ya jozi ya zamani, kasema zipo za kaka ake, kubwa kidogo.