Mkalimani ni wifi yake: nitampaje majibu ya VVU?

Mnasihi wa Temeke: Habari za kazi, wanajukwaa. Natoa ushauri nasaha katika kituo cha afya hapa Dar es Salaam. Nina mteja, mama wa Kimaasai anayeuza shanga, ambaye Kiswahili chake kinatosha biashara tu, kwa hiyo hutafsiriwa na wifi yake. Kipimo kimeonyesha ana VVU, na mkononi ana michubuko ambayo wifi huieleza kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Nitampaje majibu, na je, nimlazimishe amwambie mumewe?

Dada Nasaha: Pole na kazi. Wifi asisikie lolote kuhusu majibu. Mweleze kwa heshima kwamba utaratibu wa kituo ni kumwona kila mteja peke yake, ili asihisi anashukiwa. Tafuta mkalimani wa kike anayejua Kimaa, asiye wa ukoo huo, maana Wamaasai wa mjini hufahamiana sana. Hata kwa simu anafaa, mradi usimtajie jina la mteja. Usianze kwa kusema "kwenu wanaume hupiga", kwani atafunga moyo. Muulize mumewe akikasirika hufanya nini, kisha unyamaze umsikilize.

Msaidizi wa Sheria: Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka anayejijua ameambukizwa amjulishe mwenza wake, lakini sheria hiyohiyo inalinda siri ya majibu. Kazi yako ni kumsaidia apange lini, wapi na mbele ya nani atasema, baada ya kupima hatari ya kupigwa au kufukuzwa. Akitaja mila, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema wazi kwamba hakuna mila inayompa mtu haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Mzee anayeheshimiwa na mume anaweza kukemea kipigo, ila habari ya VVU asiipate bila ridhaa ya mama.

Muuguzi Mstaafu: Msisahau dawa. Kopo la vidonge hulia likitikiswa, na wifi ana masikio. Pamba kidogo ndani husaidia. Akiafiki, kadi ya kliniki ibaki kwenu, na hali yake ikitulia apewe dawa za miezi kadhaa ili asionekane akija mara kwa mara. Akitaka kushtaki, Dawati la Jinsia la polisi lipo, na Hospitali ya Amana kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako aliyefanyiwa ukatili hupata matibabu, polisi na msaada wa kisheria mahali pamoja.

Mnasihi wa Temeke: Asanteni. Mkalimani nimempata, anaishi Kigamboni. Kesho wifi atasubiri kwenye benchi la nje.