Tetemeko likipiga watoto wakiwa darasani, niwaamuru nini?

MwalimuMissenyi:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Darasa la Tatu huku Missenyi, Kagera. Lile tetemeko la ukubwa wa 5.9 la Septemba 10, 2016 lilipiga Jumamosi alasiri, madarasa yakiwa matupu. Jumatatu tulikuta ukuta wa pembetatu, ule wa juu unaobeba kenchi, umeangukia madawati ya nyuma. Nilihesabu madawati manne. Kila dawati hukaa watoto watatu. Hesabu hiyo hainitoki kichwani mpaka leo.

Ufa juu ya dirisha ulizibwa kwa plasta ukapakwa rangi. Masika haya umerudi. Nina watoto 84, mlango mmoja, nao unafunguka kwa ndani. Sisi walimu hatujawahi kuelekezwa lolote. Je, niwaambie wakimbie, au waingie chini ya madawati?

FundiKashozi:
Pole mwalimu. Plasta haiungi tofali, inaficha tu. Ziba kipande kidogo cha ufa kwa saruji na uandike tarehe. Kikipasuka, ukuta bado unatembea. Hapo usisubiri, mwite mhandisi wa halmashauri, na watoto wahame chumba hicho. Kuta nyingi zilizoanguka 2016 zilikuwa za tofali za kuchoma au za udongo, hazina mkanda wa zege wenye nondo usawa wa lenta (boriti ya juu ya mlango na dirisha) wala juu ya ukuta. Bila mkanda, kila ukuta unacheza peke yake. Na huo mlango ugeuzwe ufunguke nje; ni bawaba tu, kazi ya nusu siku.

Mama_Darasa:
Mwalimu mwenzangu, watoto 84 wakikimbilia mlango mmoja watakanyagana, na tofali huangukia hapo hapo nje ya ukuta. Wakati ardhi inatikisika: chini ya dawati, mikono kisogoni, mbali na dirisha. Ikitulia, watoke mstari kwa mstari hadi uwanjani, wasisimame chini ya mabati. Halafu ita majina. Daftari la mahudhurio litoke na wewe. Msirudi ndani siku hiyo, matetemeko madogo hufuata.

MwalimuMissenyi:
Asanteni sana. Leo nimejaribu. Chini ya dawati letu watoto watatu wanaenea wakipiga magoti na kubana viwiko, ila mabegi lazima yatolewe kwanza, kwa hiyo tumepigilia misumari ukutani mbali na dirisha tuyatundike huko. Kutoka wote hadi chini ya mwembe kumetuchukua dakika nne, maana mlango ulibanwa na waliotangulia. Mwalimu mkuu alikuwa akitazama. Fundi wa bawaba anakuja Alhamisi, na barua ya kumwita mhandisi nimeiandika usiku huu. Kesho asubuhi naipeleka ofisini kwa mkuu aigonge muhuri. Mpaka mhandisi aje, Darasa la Tatu tunasomea chini ya mwembe.