Riwaya za makauboi: ipi inamjua ng'ombe kweli?

Mswagaji (Mwanza)

Habari za jioni wadau. Natafuta kitabu, naomba mnisaidie.

Mwezi wa tatu nilinunua kwa muuza vitabu vya mtumba hapa mjini riwaya ya Larry McMurtry, Lonesome Dove, iliyotoka 1985. Ina kurasa zaidi ya 800, jalada la nyuma lilishang'oka, akaniachia kwa shilingi 4,000. Nimeisoma usiku baada ya kufunga stoo, kamusi pembeni. Wazee wawili waliokuwa askari wa doria huko Texas wanakusanya ng'ombe na kuwaswaga hadi Montana, kaskazini kabisa mwa Marekani. Sijapata kupenda kitabu namna hiyo.

Mwaka 1984, nikiwa na miaka 13, baba mdogo alinichukua tukaswage ng'ombe 46 kutoka Meatu hadi mnadani Shinyanga. Siku sita kwa miguu, watu wanne na mbwa mmoja. Njiani kuna mto ambao siku zote ni mchanga mtupu, ila siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha huko juu, tukakuta maji yanafika tumboni mwa ng'ombe. Wakagoma. Baba mdogo hakuwachapa. Alimwendea maksai mmoja mwekundu mwenye pembe iliyopinda chini, akamshika mkia, akaingia naye majini huku akimwita jina lake polepole. Wengine wakafuata mmoja mmoja, pua juu, wakikoroma. Mimi nilipewa mkia wa yule wa mwisho. Mpaka leo nikifumba macho nauhisi mkononi: una joto, nywele za nchani zimegandana kwa tope, na unakuvuta wakati miguu yako imeshaacha kugusa chini.

Sasa ndani ya kitabu kuna kijana wa Kiayalandi anavuka mto na kundi, anaangukia katikati ya nyoka wa majini. Nilipofika pale niliweka kitabu chini nikatoka nje. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukutana na mwandishi anayejua kwamba mswagaji anauogopa mto kuliko anavyomwogopa mwizi.

Baada ya hapo nimesoma nyingine nne za makauboi na zote zimenivunja moyo. Ng'ombe wanatajwa mwanzoni, kisha huwaoni tena. Zinabaki bastola na baa. Hakuna anayewapeleka majini, hakuna anayewahesabu jioni. Je, kuna riwaya ya huko ambayo ng'ombe wamo mpaka mwisho? Na kwa nini waandishi wengi wamewatupa?

MamaMaktaba (Arusha)

Kaka Mswagaji, pole kwa hizo nne, lakini kitabu chako kipo. Tafuta The Log of a Cowboy cha Andy Adams, kilichotoka 1903. Huyu bwana mwenyewe aliswaga ng'ombe kwa miaka kabla hajashika kalamu. Kitabu kizima ni safari moja tu ya mwaka 1882, miezi mitano, ng'ombe zaidi ya 3,000 kutoka mpaka wa Mexico hadi Montana kwa Wablackfoot, kabila la wenyeji wa asili wa huko. Njia ni karibu ile ile ya wazee wako wa McMurtry. Haki miliki yake imeisha muda, kwa hiyo kinapakuliwa bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, hata kwa simu ndogo.

Nakutahadharisha kwamba hakina mapenzi, na adui mkubwa hakuna. Kuna maji, nyasi, usingizi na ng'ombe. Wapo wanaokiona kikavu. Mimi nimekisoma mara tatu, na ile sura ya mwendo usio na maji huwa naisoma nikiwa na kikombe cha maji karibu, kweli kabisa.

Kuhusu kwa nini waliwatupa: hadithi hizi zilianza kuuzwa kwa wingi tangu 1860 kama vijitabu vya senti kumi, na wasomaji wengi walikuwa watu wa miji ya mashariki. Mtu wa New York atajuaje ng'ombe akiumwa kwato anatembeaje? Bastola aliielewa mara moja. Hata The Virginian cha Owen Wister cha 1902, kinachohesabika kuwa ndicho kilichofungua mlango wa riwaya hizi kama tunavyozijua, shujaa wake ni mtu wa ng'ombe ambaye humwoni akifanya kazi ya ng'ombe kwa sura nyingi.

Kijana wa Kajiado

Mzee wangu, salamu kutoka Kenya. Usimtupe Zane Grey. Riders of the Purple Sage, 1912, kina mapenzi mengi na lugha ya maua, lakini kina sura moja ya ng'ombe ambayo nilimsomea babu yangu neno kwa neno. Kundi limekurupuka. Lassiter, shujaa wa kitabu, hatangulii mbele kulizuia, maana atakanyagwa. Anakimbiza farasi ubavuni mwa wale wa mbele, anawasukuma wapinde kidogo, kidogo tena, mpaka kundi lote linazunguka kama jiwe la kusagia, linajichosha lenyewe. Babu akaniambia, "Huyo alifundishwa na mtu." Zane Grey alikuwa daktari wa meno kabla ya kuandika! Lakini alienda, akaona, akauliza.

Jambo jingine ambalo mimi huwa najiuliza nikisoma. Kazi yote hiyo ya kuswaga ng'ombe kutoka Texas kwenda kwenye reli za Kansas ilidumu miaka isiyofika 20, kuanzia mji wa Abilene huko Kansas mwaka 1867. Vitabu vinakufanya udhani ni karne nzima. Kilichoimaliza ni reli kuongezeka, seng'enge (Joseph Glidden, mkulima wa Illinois, alipata hataza ya seng'enge yake 1874), na kupe. Ndiyo, kupe! Ng'ombe wa Texas walipita na kupe wao, wenyewe wazima, ng'ombe wa wenyeji nyuma yao wanakufa kwa homa. Mwaka 1885 Kansas ikafunga mlango. Sisi ambao tumezika ndama kwa ndigana, homa yetu ya kupe, tunaielewa hiyo sheria, na tunamwelewa pia yule mswagaji aliyefika mpakani akaambiwa rudi.

Na yule Deets katika kitabu chako, mtangulizi wa njia, Mweusi, amechorwa kutokana na mtu wa kweli, Bose Ikard, aliyezaliwa mtumwa na akaja kufanya kazi na Charles Goodnight, mfugaji mkubwa wa Texas. Alipofariki 1929, Goodnight alimwekea jiwe la kumbukumbu. Weusi waliofanya kazi hiyo walikuwa wengi, na Nat Love, naye mzaliwa wa utumwani, aliandika maisha yake mwenyewe mwaka 1907. Riwaya nyingi zimewafuta. Na Wahindi Wekundu zimewafanya kelele za nyuma ya kilima tu, wakati ardhi ilikuwa yao. Hilo linaniuma kila ninapofungua kitabu kipya, na bado nafungua.

Bint Pangani

Kaka zangu, mmeswaga mpaka mmesahau kuna ng'ombe wa kukamuliwa.

Someni Letters of a Woman Homesteader cha Elinore Pruitt Stewart, 1914. Si riwaya, ni barua, lakini mapenzi yamo kuliko hadithi nyingi za kutungwa. Alikuwa dobi Denver, ana binti mdogo. Mwaka 1909 akaenda Wyoming kumtunzia nyumba mfugaji, na baada ya wiki chache wakaoana. Na ardhi akaiandikisha kwa jina lake! Kwenye barua moja anamweleza mwajiri wake wa zamani jinsi wanaume wa kukata nyasi za akiba walivyokosekana, akapanda mashine ya kukokotwa na farasi akakata mwenyewe. Majira hayo alikuwa anapika usiku na kukamua ng'ombe saba kila siku. Saba! Mimi nakamua wawili, na vidole vyangu asubuhi havifungi kifungo cha gauni.

Barua zile nilizisoma nikiwa nauguza mama, sura moja kila alipolala. Sikuwa nataka mashujaa wakati ule. Nilitaka mtu aliyechoka na bado anafurahia kuandika.

Mswagaji (Mwanza)

Asanteni sana. Bint Pangani, dada yangu, umenirekebisha na nimekubali. Ndoo za mama sikuzitaja popote, na maziwa ndiyo yaliyonisomesha.

MamaMaktaba, nimekipakua juzi. Nimefika kwenye mwendo usio na maji. Ng'ombe wamekaa siku kadhaa bila kunywa, ghafla kundi linageuka. Wanawafyatulia bastola usoni, hawakwepi, ndipo wale vijana wanagundua kwamba ng'ombe wamekuwa vipofu kwa kiu. Wanarudi kule walikokunywa mara ya mwisho, na hakuna wa kuwazuia.

Jana nilimpigia baba mdogo, yuko Meatu, macho yake yenyewe hayaoni vizuri sasa. Nikamtafsiria sura ile kwa Kisukuma, aya kwa aya. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Usiku walikuwa wanawaimbia?" Nikamwambia ndiyo, wanazunguka kundi wakiimba. Akasema ndivyo, ng'ombe aliyelala akisikia sauti yako muda wote hashtuki jani likianguka, ukinyamaza ndipo anaogopa. Nikakumbuka mluzi wake ule wa usiku mwaka 1984. Miaka yote nilidhani alikuwa anaupiga kwa sababu mimi nilikuwa nalia.

Vocha ikaisha kabla hawajafika majini. Amesema nisiendelee peke yangu, nimsubiri Jumapili.