Naomba ushauri: kamera na maikrofoni za kurekodia safari ya uwindaji

Lenzi ya Magharibi
Habari za muda huu wakuu. Mimi ni mpiga picha za video, shughuli yangu kubwa ni harusi, kipaimara na sendofu. Msimu uliopita nilipata kazi ya kumrekodi mgeni kwenye uwindaji wa kitalii, pori moja huku magharibi, na kampuni imeniita tena msimu ukifunguliwa Julai. Advansi nimeshapokea. Sasa nataka kujipanga. Kamera niliyonayo ni ya harusi, ikipigwa na vumbi inakwama. Ninunue mpya au nikodi Dar? Lenzi ndefu kiasi gani? Betri nichaji vipi, maana jenereta la kambi huwashwa jioni tu?

Pia kuna klipu moja ya safari ile, ina mngurumo wa injini chini ya sauti za watu. Inatakiwa ikiwa safi kabla ya mwisho wa mwezi. Programu gani inatoa mngurumo bila kuua mlio wa risasi? Sijalala vizuri wiki hii kwa ajili ya hii kitu. Matusi hapana, nawasilisha.

Kiti cha Mbele
Nimewahi siti. Mkuu, simba naye unamwambia "bwana harusi geuka kidogo kushoto"?

Mbeba Majivu
Karibu porini kijana. Mimi nimefuata nyayo miaka mingi, kazi yangu ilikuwa kutangulia na kisoksi cha majivu, nakitikisa kuona upepo unaelekea wapi. Kamera sizijui ila wapiga kamera nawajua, na wengi wametuharibia kazi.

Zima ile taa nyekundu ya mbele na zima milio yote ya vitufe. Mkoba wako usiwe wa bluu wala mweusi, mbung'o wanazipenda rangi hizo, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Kaa nyuma ya bega la mwindaji bingwa, yule mwenye leseni anayemwongoza mgeni, hatua moja, na asiposogea yeye wewe usisogee. Usitangulie mdomo wa bunduki hata siku moja.

Kulikuwa na mmoja tulimfuata naye nyati dume tangu alfajiri. Tumefika, mgeni ameshaegemeza bunduki kwenye zile fimbo tatu za kuegemezea, jamaa akataka kumpata mgeni kwa ubavu. Akapiga hatua moja pembeni, juu ya majani makavu ya mninga. Nyati alinyanyua pua mara moja tu, akaondoka na kundi lote. Tulirudi kambini usiku, hakuna aliyemsemesha yule kijana mpaka kesho yake.

Bibi wa Pangani
Mwanangu, riziki ni nyingi. Kumwondolea kiumbe roho ili mtu akaning'inize kichwa ukutani kwake ni jambo la kusikitisha, na wewe unasimama pale kulipamba kwa picha. Harusi zinakupa baraka. Rudi kwenye harusi.

Nairobi Kwetu
Huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo mtu na kamera yake anaenda Mara kupiga picha za simba akiwa hai na pesa anapata. Babu yangu alikuwa mbeba bunduki wa Wazungu kabla ya hapo. Alituambia wageni walikuwa wanabeba kamera za filamu za kuzungushwa kwa mkono, na mnyama akishaanguka ndipo wanapiga picha upya wakijifanya wanamnyemelea. Mambo ya kutengeneza picha hayakuanza leo.

Fundi Sauti
Tujibu swali jamani. Kamera kodi, usinunue kwa kazi ya msimu. Tafuta yenye nafasi mbili za kadi, irekodi kote kwa pamoja. Ukirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula kama gigabaiti 45, kwa hiyo kadi ziwe za kutosha. Lenzi ya milimita 100-400 inatosha, na usiibadilishe ukiwa juu ya gari linalotembea, vumbi litaingia lote. Betri chajia kwenye gari kwa kibadilisha umeme. Maikrofoni uivishe manyoya ya upepo.

Mngurumo: kata masafa yote chini ya hezi 100, kisha chukua kipande chenye injini peke yake, programu ikijifunze na kukiondoa. Ila mlio wa risasi una uzito wake hukohuko chini, utabaki mwembamba.

Swali langu moja tu. Injini ilikuwa inafanya nini wakati wa risasi?

Lenzi ya Magharibi
Asanteni sana wakuu. Bibi yangu, nimekusikia, shikamoo. Fundi Sauti, ahsante kwa maelezo. Gari lilikuwa jirani tu, dereva alisahau kuzima.

Fundi Sauti
Maikrofoni ilikuwa wapi? Kwenye kamera au kwa mtu?

Lenzi ya Magharibi
Kwenye kola ya mwindaji bingwa. Isiyo na waya.

Fundi Sauti
Maikrofoni ya kola inachukua kifua cha aliyeivaa. Gari likiwa mbali kidogo tu linasikika kama kitu cha pembeni. Ukiona mngurumo umekaa chini ya kila neno, tena haupandi wala haushuki mtu akigeuza shingo, ujue aliyevaa amekalia hilo gari. Mkuu, risasi imepigwa kutoka kwenye gari?

Kiti cha Mbele
Uzi umeanza kunoga. Nani ana karanga?

Lenzi ya Magharibi
Wakuu naombeni tusifike huko. Mgeni ni mzee, goti lake bovu, alikuwa amebakiza siku chache na amelipa hela nyingi. Askari wa wanyamapori alikuwemo humohumo ndani ya gari na hakusema kitu. Mwindaji bingwa ndiye mwenye leseni, yeye ndiye aliyesema "piga". Mimi nimeshika kamera tu. Nikirekodi harusi na bwana harusi kumbe ana mke mwingine, kosa ni langu?

Wanachotaka ofisini ni sauti ya injini itoke, mgeni apewe filamu yake aende. Nimelipwa nusu kwa kazi hiyo na hela imeshaenda kwenye ada ya mtoto. Nikikataa watampa mtu mwingine, na Julai siitwi tena.

Wakili wa Kijiji
Ndugu, tofautisha mambo mawili. Kurekodi kilichotokea ni jambo moja. Kufuta kwenye rekodi kile kinachoonyesha namna kilivyotokea ni jambo jingine, na hilo ndilo wanalokulipa.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inakataza kuwinda kwa kutumia gari bila kibali cha maandishi cha Mkurugenzi. Goti bovu si kibali. Kama kibali kipo, ofisi ikuonyeshe karatasi, na hapo injini haina sababu ya kufutwa. Kama hakipo, unajua mwenyewe kwa nini inafutwa.

Na usidhani video za porini zinafia porini. Mwaka 2014 Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati huo, Lazaro Nyalandu, alifuta leseni ya kampuni ya uwindaji baada ya video ya wageni wake kufika bungeni. Kilichowaangusha ni picha walizojirekodi wenyewe wakifurahi.

Bibi wa Pangani
Ada ya mtoto ilipwe kwa jasho safi.

Mwana Ugalla
Bibi, ni rahisi kusema. Sisi tuliozaliwa kando ya mapori haya, baba zetu wakikamatwa na swala mmoja wanafungwa. Mgeni anakuja na gari, anapiga, anapewa soda ya baridi. Mimi huyu kijana simlaumu, alitafuta kazi akapata. Nilimpoteza kaka yangu kwa kesi ya nyama ya porini, alitoka jela kifua kimekwisha. Hakukuwa na kamera siku ile ya kuonyesha nani alimpiga.

Pima Maji
Nimesoma toka juu mpaka hapa. Wakuu, hii ni chai. Tena ya tangawizi. Mtu anaanza na lenzi na betri, halafu ghafla kuna mzee mwenye goti, askari bubu na ada ya mtoto. Kila mkisukuma kidogo anatoa kipande kingine, kama mtu anayeandika hadithi ya sehemu ya kwanza na ya pili. Hata mnyama hajamtaja! Huyu anatafuta wafuasi au ni mwanaharakati wa kupinga uwindaji anataka tuseme maneno akayanukuu. Mbeba Majivu, wewe ulikuwa huko, muulize kitu ambacho hakionyeshwi kwenye televisheni.

Kiti cha Mbele
Naunga mkono hoja. Chai hii inahitaji maandazi.

Mbeba Majivu
Haya kijana. Mnyama gani, na baada ya kuanguka nani alifika wa kwanza na alifanya nini? Usiniambie walipeana mikono, hilo kila mtu analijua.

Lenzi ya Magharibi
Nimeumia kuitwa mwongo. Naandika hii halafu mniamini au msiniamini.

Simba dume. Alianguka chini ya mti wa chambo, ule unaotundikwa nyama ya kumvutia, mguu wa nyuma ukachapa nyasi kidogo halafu basi. Walingoja. Mfuata nyayo mzee akashuka, akazunguka kwa nyuma, akarusha bonge la udongo mgongoni, kimya. Akakata kijiti kirefu akagusa nacho jicho. Halikufumba. Ndipo akapunga mkono na mwindaji bingwa akashuka.

Mwindaji bingwa hakumpa mgeni mkono. Alipiga goti, akainua kichwa cha simba, akafunua mdomo akaangalia meno, halafu akasugua pua kwa dole gumba. Nilikuwa nimeikaza lenzi hapohapo. Nilidhani anafuta matope. Alisugua tena. Ile pua ilikuwa ya pinki, na vidoadoa vyeusi vichache upande wa juu, kama vya uso wa mtoto aliyechezea wino. Havikutoka kwa sababu si matope. Alimtazama yule mzee wa nyayo, mzee akatazama chini. Kisha akanigeukia akasema "zima". Nilishusha kamera lakini ilikuwa bado inaandika, ina nyasi na viatu na sauti zao.

Mgeni yeye alikuwa anashangilia kwenye gari muda wote huo.

Mbeba Majivu
Pima Maji, huyu alikuwepo. Cha kijiti sawa, mtu anaweza kusimuliwa. Lakini kusugua pua hakuna anayekitunga.

Kijana, umetuambia kitu kikubwa kuliko gari na sina hakika unakijua. Simba dume akiwa mdogo pua yake ni ya pinki. Kadiri anavyokua weusi unaongezeka, mpaka akifika miaka mitano, sita hivi, zaidi ya nusu imekuwa nyeusi. Si maneno ya wazee tu, akina Craig Packer waliosoma simba wa Serengeti walilichapisha jambo hilo mwaka 2004. Kanuni zetu zinataka dume wa nyara awe na miaka 6 au zaidi. Ndiyo sababu kuna chambo na kibanda cha kuvizia, ukae hapo, umtazame kwa darubini, na ukiwa na shaka umwache. Ukimpiga kutoka kwenye gari linalonguruma unapata sekunde ngapi za kutazama pua?

Yule mzee aliyetazama chini alishajua kabla hajashuka. Namjua mtu wa namna hiyo. Nimewahi kuwa yeye, na tulipewa kila mmoja bahasha.

Pima Maji
Sawa, nimeshawishika nusu. Ila bado nauliza, kama unajua yote haya kwa nini ulikuja kuuliza habari za kamera?

Lenzi ya Magharibi
Kwa sababu kamera nahitaji kweli! Na hayo ya pua nimeyajua sasa hivi hapa. Mimi nilijua wamekasirika tu.

Lakini mnataka nifanye nini? Nikawachome watu walionilisha? Mfuata nyayo yule alinigawia blanketi lake usiku wa baridi. Kesi ikija ataanza kwenda yeye, siyo mgeni, mgeni alishapanda ndege. Na fuvu si litakaguliwa na wenyewe serikalini? Wakiona umri haujafika waseme wao. Mimi naona nitoe injini, nirudishe kazi, Julai nisiende. Hapo nimekuwa katikati.

Fundi Sauti
Hakuna katikati hapo mkuu. Fuvu litasema umri. Gari halina fuvu. Hiyo sauti ndiyo pekee inayosema gari, na wanakulipa wewe uitoe.

Wakili wa Kijiji
Nitasema mara moja. Hilo faili la asili usilifungulie kwenye programu ya kuhariri, usilipunguze, usilipe jina jipya. Nakili kwenye diski nyingine, kadi yenyewe iweke pembeni pamoja na kamera iliyorekodi. Faili lililoguswa ni rahisi kubishiwa mahakamani. Usilirushe kwenye mitandao wala kumtumia mtu yeyote humu, hata mimi.

Kuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika kwa nia njema, haimlindi anayezirusha mtandaoni. Na yule mfuata nyayo naye anaweza kuwa shahidi badala ya mshtakiwa, ila anayefika wa kwanza husikilizwa tofauti na anayeletwa. Ongea na wakili wa msaada wa kisheria kabla hujaongea na ofisi.

Mwana Ugalla
Na huyo mzee mwambie mapema. Asisikie kwa askari.

Lenzi ya Magharibi
Ofisini wamepiga asubuhi hii. Nimewaambia kompyuta inasumbua. Wanasema niwaletee kadi Ijumaa, wana fundi mwingine Arusha.

Wakili wa Kijiji
Kadi ni ya kwako au ya kampuni? Na mkataba uliandikwa au mlikubaliana kwa simu?

Lenzi ya Magharibi
Kadi ni yangu, nilinunua Kariakoo kwa hela yangu. Mkataba wa simu tu. Namba ya mzee ninayo, ila huko aliko mtandao ni mpaka apande kilimani, huwa anapanda Jumapili.

Mbeba Majivu
Jumapili ni baada ya Ijumaa. Niandikie faragha jina la kijiji chake, usiliweke hapa. Huko bado nina watu wenye pikipiki.